Barua ya wazi kwa wakubwa wa michezo: dhahabu za Afrika tunazipotezea hapa hapa nyumbani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Michezo,
Katibu wa Wizara,
Viongozi wa Kamati ya Olimpiki ya Kenya,
na wenyeviti wote wa mashirikisho ya michezo.

Waheshimiwa,

KUHUSU: VILE TIMU YA KENYA ILIFANYA KWA MICHEZO YA AFRIKA ACCRA, NA VILE TUNAJIANDAA KWA ILE YA 2027 KULE CAIRO, MISRI

Natumai hamjambo huko Nairobi. Mimi ni kocha wa ndondi wa kujitolea hapa Nakuru, sina cheo kwa shirikisho lolote na sitafuti kiti, hilo niliseme mapema juu najua kwetu mtu akiandika kitu ya michezo swali la kwanza ni ametumwa na nani. Sijatumwa. Niliandika kwa ofisi moja ya michezo kwa njia ya kawaida, barua ikapigwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi kuulizia nikaambiwa faili iko kwa mkubwa, nikarudi tena mkubwa ameshahamishwa, na faili sijui ilihama naye ama ilibaki kwa drawa. Nikatuma meseji kwa nambari niliyopewa, tiki mbili zikageuka bluu na maneno yakaishia hapo. Kwa hivyo leo naandika hadharani. Msione ni dharau, mlango nimebisha vya kutosha.

Michezo ya Afrika ya Accra iliitwa ya 2023 lakini ikachezwa Machi 2024, tarehe 8 mpaka 23. Ikiisha Misri wako juu na dhahabu zaidi ya 100, Nigeria wanafuata na zaidi ya 40, na sisi tuko mbali huko chini, na ukitoa riadha hesabu yetu inakauka haraka sana. Rabat 2019 ilikuwa ni hivyo hivyo, Misri wa kwanza, Nigeria wa pili. Halafu miezi michache tu baada ya Accra tukaenda Olimpiki ya Paris na Kenya ikamaliza ya kwanza Afrika nzima! Medali 11, dhahabu nne, Beatrice Chebet mbili peke yake, Faith Kipyegon moja, Emmanuel Wanyonyi moja. Tulisherehekea mpaka hapa mjini boda zikapiga honi usiku.

Sasa mtu wa kawaida atauliza, na mimi nimeulizwa na vijana wangu wakifunga bandeji kabla ya mazoezi, inawezekanaje nchi iwe ya kwanza Afrika ikienda kwa dunia, na ikienda Afrika yenyewe iwe huko nyuma? Jibu langu ndilo hii barua. Hizo dhahabu hatuzipotezei Accra wala Rabat. Tunazipotezea hapa nyumbani, ile miezi yote kabla ya ndege kupaa, wakati mtu wa ndondi, wa mieleka, wa judo na wa kunyanyua vyuma hajui kama kuna timu, hajui atachaguliwa vipi, na hajui amuulize nani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tunaenda vita ya michezo karibu thelathini na tumejipanga kwa mmoja.

Zile medali 11 za Paris zote ni za riadha, hakuna hata moja ya kitu kingine. Kwa Olimpiki hiyo inatosha kukufanya mkubwa wa Afrika manake nchi nyingi za Afrika zinarudi na moja ama mbili ama mikono mitupu. Lakini Michezo ya Afrika haihesabiwi hivyo. Chukua kunyanyua vyuma tu. Kwa Olimpiki kila uzani unatoa dhahabu moja, ya jumla. Kule Accra kila uzani ulitoa dhahabu tatu: kuna ya kuinua moja kwa moja mpaka juu, kuna ya kuinua kwa awamu mbili, halafu kuna ya jumla ya zote mbili. Yaani mtu mmoja mwenye nguvu, kwa mchana mmoja, anaweza kuletea nchi yake dhahabu tatu, na mkimbiaji wetu wa mita 1500 akue hodari namna gani atapata moja. Misri na Nigeria wanajua hiyo hesabu vizuri sana. Ongeza kuogelea, mieleka, karate, taekwondo, judo, zote zina medali nyingi kwa sababu zina uzani nyingi au mbio nyingi. Huko ndiko ile mia ya Misri inatoka, na sisi huko tunatuma watu wachache walioandaliwa haraka haraka, na kwa mingine hatutumi mtu.

Najua mtasema Kenya ni nchi ya mbio, kila nchi ina chake. Haya. Julius Yego si alitoka Nandi akarusha mkuki? Alijifunza kwa video za YouTube, akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika Maputo 2011, akakuwa bingwa wa dunia Beijing 2015 na mita 92.72, akachukua tena ya Afrika Rabat 2019. Ferdinand Omanyala naye alianza na raga, akaja kukimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani 2021, rekodi ya Afrika, na Birmingham 2022 akaleta dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Hao wawili hawakutoka kwa mpango wa mtu. Walijitokeza wenyewe, sisi tukaenda kupiga picha nao. Ukiangalia ramani, kutoka Nakuru ukipitia Kericho mpaka Kisumu, upande Vihiga, Kakamega, Bungoma, hawa watu wa miili mikubwa na mikono mizito wamejaa, wanabeba mawe kwa mjengo na gunia kwa soko. Hakuna mtu amewahi kuja na ubao na kalamu kuwaandika.

2. Ndondi. Hapa mtanivumilia, hii ndio inaniuma.

Kenya imepata medali saba za Olimpiki nje ya riadha tangu tuanze kwenda. Saba. Na zote saba ni za ndondi. Philip Waruinge alipata shaba Mexico 1968, na ingawa alikuwa na shaba wakampa kombe la Val Barker, lile la bondia mwenye ufundi kuliko wote kwa mashindano nzima, akiwapita hata wenye dhahabu. Akarudi Munich 1972 akapata fedha, na Samuel Mbugua na Dick Murunga wakaleta shaba, kwa hivyo kwa zile medali tisa za Kenya mwaka huo, tatu zilitoka ulingoni. Ibrahim Bilali akaleta shaba Los Angeles 1984. Halafu Seoul 1988, Robert Wangila akachukua dhahabu na Chris Sande shaba. Na Seoul ilikuja mwaka mmoja tu baada ya ile Michezo ya Afrika tuliyoandaa wenyewe Nairobi 1987, wakati Hit Squad, yaani timu ya taifa ya ndondi, ilikuwa ya kuogopwa bara nzima. Wazee hapa bado wanaongea hiyo mwaka kama ni jana.

Baada ya Sande na Wangila, hakuna. Tangu 1988 mpaka leo hakuna medali hata moja ya ndondi ya Olimpiki. Na Paris 2024 hatukuwa hata na bondia mmoja, hakuna aliyefuzu, mwanaume ama mwanamke.

Waruinge alikuwa mtoto wa Nakuru. Hapa mjini kuna ukumbi unaitwa Madison Square Garden, mgeni akisikia anacheka anadhani ni utani, lakini kwa mtu wa ndondi wa Kenya hilo jina la Nakuru lina uzito kuliko ule ukumbi maarufu wa New York. Nimekaa na wazee wanaokumbuka watu wakijaa hadi madirishani kuangalia vijana wa mtaa. Sasa niambieni, tukishakuwa jiji mwezi Desemba 2021 na mabango yakawekwa, ni nini ya ndondi iliongezeka?

Linganisheni na wenyeji wa Accra. Ndondi ya michezo ile ilichezwa Bukom. Bukom ni mtaa wa wavuvi, watu wamebanana, umaskini upo, na ndio mtaa umetoa mabondia wakubwa wa Ghana kama Ike Quartey. Serikali yao ikaenda ikajenga ukumbi wa ndondi pale pale mtaani, haikusema bondia apande gari aufuate mahali pa mbali. Mashindano ya bara yakija, mtoto wa Bukom anatoka kwao kwa miguu anaingia kuona Afrika nzima ikipigana. Sisi tuna Bondeni, tuna Kivumbini, tuna Kaptembwo, Kisumu wana Manyatta na Nyalenda. Hiyo ni Bukom ngapi?

Mtasema ndondi yenyewe ilikuwa na shida ya kimataifa. Ni kweli, IBA, lile shirika la ndondi la dunia, ilinyang'anywa kutambuliwa na IOC, Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, Juni 2023 na kwa muda hakuna aliyejua kama ndondi itakuwa kwa Olimpiki. Lakini hiyo imeisha, Machi 2025 ndondi imethibitishwa kwa Los Angeles 2028 chini ya shirika jipya. Na hata hiyo vita ikiendelea, Uzbekistan walitoka Paris na dhahabu tano za ndondi. Kwani wao walikuwa na IBA tofauti?

3. Trayo, yaani mashindano ya kuchagua timu, zinafanyika Nairobi na tunazisikia kwa WhatsApp.

Wacha niwaeleze kitu kimoja niliona na macho yangu halafu mtaelewa kwa nini nimechoka. Niko na kijana wa kilo 57, mkono wa kushoto, mtulivu, mchana anasukuma mkokoteni pale soko. Meseji ya trayo ilikuja jioni ikiforwadiwa na mtu wa klabu nyingine, si shirikisho, ikisema kupima uzito ni kesho kutwa asubuhi Nairobi. Sisi hatuna mizani ya ndondi. Tunapima kwa mizani ya posho mill ya jirani, ile ya kupima magunia ya mahindi, mtu anasimama pale juu na chupi na mwenye duka anasukuma kile chuma pole pole huku wateja wa unga wanacheka. Ikasema 57. Tukachanga nauli, akapanda matatu ya usiku manake hotelini hatuna uwezo, akafika alfajiri, akapanda kwa mizani ya kule, ya kidijitali, ikasema 58 na pointi.

Alipewa nafasi ya kurudi kwa mizani kabla ya saa kuisha. Akavaa jaketi mbili akakimbia kwa maegesho ya magari, hajala, hajalala, anatema mate kwa chupa kama wanavyofanya wote, mpaka akaingia kwa kilo. Mchana akapanda ulingoni na mtu aliyelala kwa kitanda chake mwenyewe usiku huo. Raundi ya kwanza alishinda, hata mpinzani wake alikubali baadaye. Ya pili miguu ikakataa. Ya tatu sitaki kuieleza.

Sina ugomvi na refa, na yule aliyeshinda alishinda kihalali. Lakini huyo kijana alishindwa tangu ile jioni meseji iliingia. Na si yeye peke yake, ulizeni makocha wa Kisumu, ulizeni wa Busia ambao wako mbali kuliko sisi, watawaambia hadithi ni ile ile ila nauli ndio inazidi.

Na kwa nini lazima iwe Nairobi kila mara? Kisumu kuna uwanja wa Mamboleo uliobeba Madaraka Day ya 2021 na marais ndani. Kakamega kuna uwanja wa Bukhungu, na Agosti 2025 Kakamega imekaribisha michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, watoto wa nchi za jirani wamekuja wamelala wamekula wamecheza wamerudi kwao. Kama Kakamega inaweza kubeba Afrika Mashariki, itashindwa kubeba trayo ya ndondi na mieleka ya wikendi moja? Ulingo unafunguliwa na kufungwa, unabebwa na lori.

4. Pesa.

Hapa sitasema mtu ameiba juu sina ushahidi na sipendi maneno ya barazani. Nasema tu kwamba hatuoni. Sheria ya Michezo ilipitishwa 2013, halafu 2018 ikaja ile hazina ya michezo, sanaa na maendeleo ya jamii, na tukaambiwa inajazwa na ushuru wa kamari na bahati nasibu. Vijana wa mtaa wangu wanachoma pesa kwa beti kila wikendi, nawaona, nawagombeza, hawasikii. Basi angalau hiyo pesa ikishapita kwa serikali irudi inunue glavu! Klabu yetu glavu tunaazimana, mmoja akimaliza raundi anavua zikiwa zimelowa jasho anampa mwenzake, na bandeji zingine ni shuka kuukuu imekatwa vipande.

Na hatujasahau Rio 2016, msitegemee tumesahau. Yego, bingwa wa dunia wakati huo, anafika uwanja wa ndege anapata hana tiketi. Bingwa wa dunia! Akaenda hivyo hivyo akaleta fedha. Mambo ya sare na marupurupu yakawa aibu mpaka maafisa wakafikishwa kortini. Sasa kama bingwa wa dunia alifanyiwa hivyo, wewe fikiria bondia wa kilo 51 ambaye hajulikani hata na jirani yake, yeye ataulizia alawansi yake wapi? Mtasema hiyo ilikuwa ya wengine, nyinyi ni wapya. Sawa, basi mna nafasi nzuri ya kuonyesha ni tofauti, na kuonyesha ni kuchapisha: timu iliyoenda Accra ilipewa ngapi, kila mchezo ngapi, wanamichezo wangapi na maafisa wangapi walipanda ndege, na kila mtu alilipwa lini. Ukurasa mmoja unatosha.

5. Viwanja. Hii naipitia haraka, mmeambiwa na wengi. Kampeni ya 2013 tuliahidiwa viwanja vya kimataifa na Nakuru, Kisumu na Eldoret zikitajwa. Uwanja wa Kamariny pale Iten, mahali dunia yote inajua, ulivunjwa ili ujengwe upya, ukakaa hivyo mpaka wakimbiaji wakazoea barabara. Na kiwanja kikijengwa huwa ni cha mpira na mbio, hakuna anayekumbuka chumba cha mikeka ya judo ama jukwaa la vyuma, ambavyo gharama yake ni ya chini sana ukilinganisha na viti vya VIP.

Kuna majibu mawili nayategemea, wacha niyajibu kabisa ili tusipotezeane wakati.

La kwanza, ati michezo imegatuliwa, niende kwa kaunti. Nimeenda kwa kaunti, na wakaniambia timu ya taifa ni ya Nairobi. Katiba, Jedwali la Nne, imepa serikali ya kitaifa kazi ya kukuza michezo na elimu ya michezo, na kaunti ikapewa shughuli za michezo na vifaa vyake. Kila mmoja ana kipande chake na vyote viwili vimeandikwa. Mimi na vijana wangu tumekuwa mpira wa kona, huyu anautoa nje yule anaurudisha. Kaeni chini nyinyi wawili mgawane, sisi tuambiwe tu ofisi ni ipi.

La pili, ati uteuzi ni kazi ya mashirikisho, wizara haiingilii. Ni kweli hamfai kuchagua mabondia. Lakini hiyo Sheria ya 2013 ndiyo ilileta msajili wa michezo, na shirikisho lisilosajiliwa haliwezi kuendesha mambo ya timu. Kwa hivyo mkono mnao. Shirikisho likishindwa kutangaza trayo mapema kwa wanachama wake, mnaweza kuliuliza. Hamjawahi kuogopa kuuliza mashirikisho kuhusu vitu vingine.

Na kwa wale watasema mabingwa wakubwa wa riadha hawaendi Michezo ya Afrika kwa sababu ya Diamond League na marathon za pesa, sina neno na wao, mtu ana familia. Lakini hiyo ndio sababu zaidi ya kutafuta medali kwingine. Bondia wetu hana Diamond League ya kumzuia. Yeye Cairo ndio Olimpiki yake.

Sasa maombi yangu. Michezo ya Afrika ijayo ni 2027 kule Misri, na hao wenyeji hawatakuwa na huruma kwao. Naomba mtangaze mapema ni michezo gani Kenya itapeleka timu, na ni kwa vigezo gani mtu anachaguliwa, kwa maandishi, kwa Kiswahili na Kiingereza, iwekwe mahali kila kocha anaweza kuiona bila kujuana na mtu. Ikiwa mchezo fulani hatuendi, semeni hatuendi na kwa nini, kijana aende kutafuta kazi nyingine badala ya kungoja simu.

Naomba trayo za ndondi, mieleka, judo na vyuma zifanyike pia huku, moja Nakuru na moja Kisumu ama Kakamega, na tarehe zitolewe si chini ya wiki sita kabla. Hapo hapo mje na mizani halali. Nasisitiza mizani. Mkinunulia kila kaunti mizani moja ya kidijitali iliyopimwa mtakuwa mmefanya kitu kikubwa kwa ndondi ya Kenya na haitafika bei ya tiketi ya afisa mmoja kwenda na kurudi Accra.

Wale watakaochaguliwa waingie kambi kwa muda wa maana, na alawansi yao iwe na tarehe, wasipigiwe simu za kuja kusaini halafu wanaambiwa mwenye cheki hayuko. Na mtume wataalamu wachache wapite shule na soko za huku magharibi watafute watu wa vyuma, hasa wasichana. Tuko na wasichana wanabeba mitungi ya maji ya lita ishirini kila mkono wakipanda mlima. Hawajui kwamba kule Accra kila uzani wa vyuma wa wanawake ulitoa dhahabu tatu.

Mwisho naomba ripoti ya Accra. Kila timu ikirudi tunasikia tathmini itafanywa. Kama ilifanywa, tuione. Kama haikufanywa, semeni. Hili siombi kama fadhila, Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari iliyo kwa serikali, na ile Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Basi hesabuni hii barua kuwa ombi rasmi, na nakala iliyosainiwa na makocha wenzangu naileta kwa mkono. Siku ya 22 ikifika bila jibu, tutapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaita Ombudsman, sababu sheria imetuelekeza huko, na tutapeleka ombi Bungeni kama mwananchi yeyote anavyoruhusiwa.

Mkitaka kuja kuona mnakaribishwa, si lazima mtuambie mapema. Mazoezi ni jioni kuanzia saa kumi na moja, wadogo wanaanza, wakubwa wanafika wakitoka vibaruani. Yule wa kilo 57 bado anakuja. Amepanda sasa anataka kupigana kilo 60, na ameniuliza kama trayo za Misri zitakuwa lini. Nimemwambia nimeuliza.

Wenu kwa heshima,

Kocha wa kujitolea,
Bondeni, Nakuru.

Nakala:
Kamati ya Bunge inayosimamia michezo
Msajili wa Michezo
Maafisa wa michezo wa kaunti za Nakuru, Kisumu, Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia
Makocha wote wa ndondi, mieleka, judo na vyuma huku magharibi, wasome wasaini